Maswali ya Wasomaji: Joto Limepitia Wapi?

Barua za kiangazi hiki zimetuletea bati, mtungi, maharage na friji. Kabla ya kuzijibu, tukumbushane jambo la darasani. Joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, na lina njia tatu. Kwa mpitisho, hupita ndani ya kitu au kati ya vitu vinavyogusana. Kwa msafara, hubebwa na hewa au maji yanayotembea. Kwa mnunurisho, huruka kama mwanga, bila kuhitaji kitu cha kulibeba. Wengi walioandika wamekwisha kutumia fedha kuziba njia ambayo joto lao halikuipitia.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule, paa la bati la kawaida ambalo sasa limepauka. Kuanzia saa sita mchana ndani hapakaliki. Fundi anasema tuweke silingi, jirani anasema tupake paa rangi nyeupe, na shemeji ameleta habari za feni. Fedha iliyopo inatosha jambo moja tu. Tuanze na lipi? (Mama K., Dodoma)

Mama K., anzeni na rangi. Silingi ifuate mkipata nafasi, na feni iwe ya mwisho kabisa.

Jua la saa sita, mbingu ikiwa wazi, humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Bati lililopauka na kushika kutu hula sehemu kubwa ya hizo, na si ajabu likafika nyuzi 65. Kwa kuwa ni jembamba, upande wa chini huwa na joto lile lile la juu. Kutoka hapo joto halingoji hewa ilishushe, maana hewa ya moto kwa kawaida hupanda. Linashuka kwa mnunurisho moja kwa moja hadi kwenye vichwa vyenu. Bati lililochakaa la nyuzi 65 hutoa kwenda chini takriban wati 200 kwa kila mita ya mraba, zaidi ya zile linazorudishiwa na vitu vya chumbani vyenye nyuzi 35. Chumba cha mita 12 za mraba basi kinapokea zaidi ya wati 2,000, kama pasi mbili za umeme zilizoning'inizwa juu ya kitanda. Feni haizuii hata wati moja ya hizo. Inachofanya ni kukausha jasho lenu tu.

Kuna wanaouliza mbona bati jipya linang'aa na bado linachoma. Kung'aa kweli hurudisha sehemu ya jua, lakini chuma kinachong'aa ni kichoyo: joto linaloingia hakilitoi upesi. Rangi nyeupe hufanya kazi zote mbili. Ikiwa safi hurudisha zaidi ya nusu ya jua, tena kwa mbali, na kile kidogo kinachoingia hukitoa kwa urahisi kwenda angani. Ndiyo maana rangi nyeupe isiyong'aa hulishinda bati linalometameta.

Sasa namna ya kupaka. Sugueni kutu kwa brashi ya waya, osheni paa kwa maji na sabuni, suuzeni vizuri, liacheni likauke. Penye kutu pakeni kwanza praima ya chuma, yaani rangi ya kutangulia. Msipake rangi ya kawaida ya mafuta moja kwa moja kwenye bati la zinki. Zinki hukutana na mafuta ya rangi na kufanya kitu cha jamii ya sabuni katikati, na rangi yote hubanduka kama maganda baada ya misimu michache. Tumieni rangi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati, au tangulizeni praima ya zinki. Kwa sababu ya mawimbi ya bati, hesabuni lita moja kwa mita 8 za mraba, si 10 kama inavyoandikwa kwenye makopo mengi. Paa la mita 60 za mraba likipakwa mara mbili litataka lita 15. Pakeni asubuhi na mapema. Rangi ikikuta bati limeshachoma hukauka kabla ya kushika, ikafanya malengelenge. Kama mnakinga maji ya mvua ya kunywa, ulizeni dukani rangi isiyo na risasi na inayofaa kwa kazi hiyo, na mvua za kwanza ziacheni zimwagike.

Vumbi la Dodoma litaifanya rangi iwe ya kahawia. Paa liosheni kila mwaka kiangazi kinapoanza, la sivyo faida yote itapungua.

Mkishapaka, jambo linalofuata ni la bei ndogo: matundu ya hewa. Wekeni nafasi chini kwenye ukingo wa paa na nyingine juu karibu na kofia ya paa, pale kileleni, zote zizibwe kwa wavu ili popo wasihamie. Hewa iliyopashwa na bati itatokea juu, na ya nje itaingia chini. Tundu moja peke yake halisaidii sana, kwa kuwa hewa haitoki pasipo nyingine kuingia.

Wanaouza karatasi ya alumini ya kuweka chini ya bati wana bidhaa nzuri ambayo mafundi wengi huiharibu wakati wa kuifunga. Uso wa alumini unaong'aa hutoa kwa mnunurisho asilimia chache tu ya kile ambacho uso wa rangi hutoa. Lakini kazi hiyo hufanyika pale tu uso huo unapotazama hewa. Ikibanwa kwenye bati hugeuka kuwa chuma juu ya chuma, na joto hupita kwa mpitisho kana kwamba haipo. Acheni nafasi ya sentimita 2.5 au zaidi, na uso unaong'aa utazame chini, maana ukitazama juu vumbi litaufunika. Alumini pia hupitisha umeme, kwa hiyo nyaya zote za darini ziwe ndani ya mabomba yake kabla karatasi haijapandishwa.

Wasomaji wa Njombe na Makete wasituige hapa. Usiku bati hutoa joto kuelekea angani hadi likawa baridi kuliko hewa inayoligusa, na mvuke wa pumzi zenu hugeuka matone chini yake. Kwenye baridi ya huko, silingi ina faida kubwa kuliko rangi nyeupe.

Nilihama Singida mwaka jana na mtungi wangu wa maji. Kule maji yalikuwa baridi mpaka meno yanauma. Hapa Tanga ni vuguvugu tu. Je, udongo umechoka? (Mzee H., Tanga)

Shikamoo mzee. Inawezekana udongo umechoka kidogo, lakini kosa kubwa ni la hewa ya pwani.

Mtungi hupoza kwa kutoa jasho. Maji hupenya vinyweleo vya udongo, hufika nje, hugeuka mvuke. Kila gramu inayoondoka huchukua jouli 2,400 hivi (jouli ni kipimo cha nishati), nyingi zikitoka kwenye maji yaliyobaki ndani. Ili lita 20 zishuke nyuzi 8, zinahitajika jouli 670,000 hivi, yaani gramu 280 za maji zitoweke, zaidi kidogo ya robo lita. Kwa kweli hupotea zaidi ya hapo, kwa sababu joto la nje nalo linaingia muda wote.

Hewa kavu huupokea mvuke huo kwa pupa. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 30 inaweza kuyashusha maji hadi karibu nyuzi 20. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo si ngeni pwani, haitayashusha chini ya nyuzi 27 hata mtungi uwe mpya kutoka tanurini. Hapo hakuna ufundi utakaosaidia.

Bado unaweza kupata nyuzi mbili tatu kwa kurekebisha mahali. Uuweke kivulini panapopita upepo, juu ya kigoda cha miti au mchanga mbichi. Usiuweke ndani ya beseni la plastiki, wala kona ya jikoni. Usugue nje kwa kumbi au brashi ngumu na maji matupu, kwa sababu chumvi ya maji ya kisima huziba vinyweleo. Sabuni usitumie, itaingia kwenye udongo na kubaki humo. Na kama kuna mjukuu aliyeupaka vanishi ili upendeze, basi ameugeuza kuwa pambo. Mtungi mkavu kwa nje haupozi kitu.

Tuongeze kwamba ubaridi hauui vijidudu. Maji yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kuingia mtungini.

Maharagwe mekundu hunimalizia mkaa. Nikizidisha moto yanachemka kwa fujo lakini hayaivi upesi. Nimesikia kuhusu kupika ndani ya kapu. Linafanyaje kazi, na ni salama? (Dada R., Eldoret)

Dada, huo moto wa ziada unaulipia bure. Maji yakishafika kiwango chake cha kuchemka hayaongezeki joto. Mkaa unaozidisha huyageuza mvuke tu. Tena Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye nyuzi 93 badala ya 100. Chakula chako kinaiva kwenye nyuzi hizo 93, iwe sufuria inatokota polepole au inarusha mfuniko. Anayetaka kuzidi hapo ana njia moja, sufuria ya presha, ambayo hubana mvuke na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Kapu linatumia ukweli mwingine: chakula kikishapata moto, kinachotakiwa ni kukizuia kisipoe. Chagua kapu au ndoo pana, ujaze kitu kinachokamata hewa isitembee, kwa mfano sufi, vitambaa vikuukuu au pumba kavu za mpunga zilizoshonewa kwenye mfuko. Unene uwe sentimita 8 hadi 10 chini, pembeni na juu, na sufuria ikae imebanwa bila uwazi. Sehemu ya juu ndiyo watu huifanya nyembamba, na ndiyo inayopoteza zaidi. Shona mto mnene wa kufunika.

Maharagwe mekundu yana jambo la kuzingatia kabla hujayaweka kapuni. Yakiwa mabichi yana sumu inayoleta kutapika na kuhara, na kupikwa kwa joto dogo, chini ya nyuzi 80, hakuiondoi, huweza hata kuizidisha. Kwa hiyo yaloweke saa 8, mwaga maji hayo, tia mapya, yachemshe kwa nguvu dakika 30 nzima sufuria ikiwa imefunikwa. Ndipo uyaingize kapuni yakiwa bado yanatokota, ndani ya dakika moja au mbili. Yaache saa 3 hadi 4 bila kufunua. Kila ukichungulia unatoa mvuke, na kapu halina moto wa kuurudisha. Yatoe, yachemshe tena dakika kadhaa, kisha uyaunge.

Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Chakula kidogo kina joto kidogo la akiba huku eneo linalopoteza joto halipungui kwa kiasi hicho, ndiyo maana majaribio ya kikombe kimoja hushindwa na watu wakalitukana kapu. Maji nayo yapunguze, kwa vile hakuna yanayopotea kwa mvuke. Kwa wali, kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na nusu cha maji, uchemke dakika 5, kisha saa moja kapuni. Chakula kilichoshuka chini ya nyuzi 60 na kukaa humo saa nyingi kimeshakuwa shamba la vijidudu, kwa hiyo usilifanye kapu kuwa ghala la usiku kucha.

Mwalimu wetu alisema maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi, na kwamba aliyegundua ni Mtanzania. Nimejaribu kwenye friji ya nyumbani, ya baridi yakatangulia. Nani amekosea? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Iringa)

Huenda hakuna aliyekosea. Mtanzania huyo ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi katika shule ya Magamba, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyefika shule ya Mkwawa, Iringa, alikokuwa akisoma wakati huo, naye akajaribu badala ya kumcheka. Andiko lao lilitoka mwaka 1969, na jambo lenyewe hujulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Kwa hesabu tupu, wewe ndiye ulitakiwa kushinda. Kilo moja ya maji ya nyuzi 70 inapaswa kutoa kilojouli 293 hadi ifike nyuzi 0, kisha 334 ili igande. Ya nyuzi 25 hutoa 105 kisha hizo hizo 334. Ili ya moto itangulie, lazima kitu kingine kiingilie kati. Ya moto hupoteza maji mengi zaidi kwa mvuke. Misafara ndani yake ina nguvu zaidi. Chombo cha moto kinaweza kuyeyusha barafu iliyo chini yake na kugusana vizuri na ubao wa friza, wakati cha baridi kimekaa juu ya tabaka la barafu linalozuia joto. Tena maji mengine hushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda. Watafiti waliorudia kipimo kwa uangalifu na kuchapisha mwaka 2016 hawakupata ushahidi wa kuwaridhisha, na mabishano yanaendelea.

Ukitaka kurudia, tumia vyombo viwili vinavyofanana, maji yapimwe kwa mizani, vyote vikae juu ya vipande vikavu vya mbao. Kipimajoto kiwe kimo kile kile kwa vyote viwili, kwa kuwa juu na chini hutofautiana. Amua kabla ya kuanza kama "kuganda" maana yake ni kufika nyuzi 0 au kuwa barafu yote. Wengi hubishana kwa kuwa kila mmoja alipima chake. Kila awamu badilisha nafasi za vyombo.

Friji letu linanguruma mchana kutwa na bado maji si baridi. Watoto nao huliacha wazi kusudi, wapoze chumba. (Bi. Z., Unguja)

Bi. Z., waambie watoto wanakipasha chumba moto. Friji hulichota joto ndani na kulimwaga nje, na umeme inaokula nao huishia kuwa joto humo humo chumbani. Mlango ukiwa wazi linachota na kumwaga mahali pamoja.

Kunguruma bila kupoza mara nyingi ni joto kukosa pa kutokea. Chomoa umeme, lisogeze mbele, futa vumbi kwenye mabomba ya nyuma kwa brashi laini, kisha liache sentimita 10 kutoka ukutani, mbali na jiko na jua la dirishani. Kama mabomba hayaonekani, yako ndani ya kuta za pembeni, kwa hiyo usilibane kati ya makabati. Angalia kibandiko cha daraja la hali ya hewa: herufi T ina maana limeundwa kwa chumba cha hadi nyuzi 43, na N ni hadi 32 tu, hivyo friji la mtumba la N litateseka Unguja.

Barafu ya ndani ikizidi nusu sentimita, liyeyushe. Barafu ile huzuia joto la chakula lisifike kwenye ubao wa baridi. Kisu usitumie, mabomba ya alumini hutoboka kwa pigo moja, na gesi ya mafriji mengi ya sasa inashika moto. Mwisho, bana noti kwenye mlango na uivute. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umelegea.

Namwogesha mtoto mchanga. Nichanganye maji ya moto kiasi gani? (Mama mpya, Kibaha)

Hongera. Chukua nyuzi unazotaka utoe za bombani, gawanya kwa nyuzi za maji ya moto ukitoa za bombani, zidisha kwa lita zote. Kwa lita 10 za nyuzi 38, bomba likiwa nyuzi 25 na birika limetoka kuchemka, ni 13 kugawanya kwa 75 mara 10, yaani lita moja na robo tatu hivi. Birika likipoa hadi nyuzi 90, zitahitajika lita 2.

Hesabu hii inakubali kwa sababu pande zote ni maji. Kilo ya chuma ya nyuzi 100 ikitumbukizwa kwenye kilo ya maji ya nyuzi 25, vyote vitaishia nyuzi 32 tu, maana chuma hubeba joto takriban moja ya tisa ya lile la maji kwa uzito ule ule.

Maji ya baridi yatangulie beseni, ya moto yafuate, koroga hadi chini, pima kwa kiwiko, na birika liondoke chumbani kabla mtoto hajaingia majini.